Hakijulikani kwa Nani?

Aghalabu mgeni anayefika katika uwanja wa Piazza Navona, jijini Roma, huizunguka Chemchemi ya Mito Minne zaidi ya mara moja. Kwanza huvutwa na mnara mrefu wa jiwe ulioinuliwa juu ya jabali lililotobolewa katikati, na simba anayeinama kunywa maji. Kisha huitafuta sanamu ya Mto Nile, maadamu ndiyo pekee iliyofunikwa uso.

Gian Lorenzo Bernini alibuni kazi hii kwa agizo la Papa Innocent X, nayo ikakamilika mwaka 1651. Kila bara lilipewa mto wake: Danube kwa Ulaya, Ganges kwa Asia, Rio de la Plata kwa Amerika na Nile kwa Afrika. Ipo porojo kwamba Nile amejifunika asilione kanisa la Sant'Agnese, kazi ya Borromini, hasimu wa Bernini. Porojo tamu, ila kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1652, chemchemi ikiwa imekwisha kamilika. Maelezo yanayokubalika ni kwamba nguo ile yaashiria chanzo cha mto, ambacho wakati huo kilikuwa "hakijulikani".

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusita. Kitenzi "julikana" hukamilika bila mtenda. Msemaji akipenda ataongeza "kwa fulani". Asipopenda, hakuna wa kumdai. Hivyo basi, ujinga wa kundi moja la watu hugeuka kuwa sifa ya mto wenyewe.

Je, hakikujulikana kwa nani? Padre Mjesuiti Pedro Páez alikiona chanzo cha Nile ya Buluu nchini Ethiopia mwaka 1618, miaka 33 kabla ya chemchemi kukamilika, na Waethiopia walikuwa wakiishi kando yake karne nyingi kabla yake. Nile Nyeupe nayo hutoka katika ziwa ambalo Waganda waliliita Nalubaale na Waluo Nam Lolwe. Watu hawalipi jina ziwa wasilolijua. John Hanning Speke alipolifikia mwaka 1858, alikuwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India. Na habari za maji makuu ya bara zilikuwa zimekwisha kusimuliwa na wasafiri wa misafara, kwa Kiswahili, kabla Speke hajakanyaga pwani.

Wapo watakaoiona nguo ile kuwa tusi kwa Afrika. Rai hiyo haina mashiko. Kati ya sanamu zote nne, ya Nile ndiyo yenye unyofu zaidi: inakiri kwamba mchongaji na waliomtuma hawakuona. Kosa limo katika maelezo yanayoambatana nayo, na pia katika madarasa ya Afrika Mashariki ambamo bado husikika kwamba Speke "aligundua" chanzo cha Nile. Mwanafunzi anayeandika hivyo kwa Kiswahili, lugha ya misafara ile ile, hana hata udhuru wa Bernini. Na aandike kwamba mwaka 1862 Speke alionyeshwa mahali ambapo maji hutoka ziwani, kisha ataje walioyavua samaki maji hayo kabla hajafika.