Tunaomba ghorofa moja ya wanaosoma pamoja

Kila mwaka masomo yanapokaribia kuanza, mjadala wa hosteli za vyuo vikuu vyetu huwa ni vitanda. Nani kapata, nani kakosa, nani atabebana na nani. Mjadala huo ni wa haki, maana mwanafunzi asiye na pa kulala hasomi. Ila nasikitika kwamba hakuna anayeuliza aliyepata kitanda amepewa jirani gani.

Nilisoma hisabati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, nikaishi hosteli ya Mabibo. Kwa bahati tu, wengi kwenye korido yetu tulikuwa wa kozi moja. Usiku, baada ya wali maharage, milango ilikuwa wazi. Tulibandika ukutani kalenda za zamani, upande mweupe ukiwa juu, tukaandika maswali ya kalkulasi kwa kalamu nene. Anayepita kwenda kuoga alisimama na ndoo yake, akabishia mstari wa tatu, maji yakasahauliwa. Mwenzetu mmoja, aliyetoka shule ambayo mwalimu wa hesabu alikuwa wa kusubiriwa, alitaka kubadili kozi kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Mhadhiri wa darasa la mamia angemjuaje? Sisi tulijua, kwa sababu tulimwona hali wala halali. Tukakesha naye swali kwa swali. Leo anafundisha hesabu Sumbawanga.

Kuna watakaosema vimbweta, zile meza na viti vya nje vya kusomea, vipo kwa kazi hiyo. Vipo, na nimevikalia sana. Lakini diskasheni ya kimbweta ni ya kupanga saa, na mwenye aibu haendi mahali kuonyesha asichokijua. Koridoni haendi popote. Anaishi hapo, na swali lake linatoka lenyewe akipiga mswaki.

Jambo jema kiasi hiki halifai kuachiwa bahati. Mwaka 1927 Alexander Meiklejohn alianzisha chuo cha majaribio ndani ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Wanafunzi waliishi pamoja katika bweni la Adams, walimu wao wakiwa na ofisi humo humo, na mwaka wa kwanza wote wakachimba ustaarabu wa Athene ya kale. Kilifungwa 1932. Hata hivyo, leo vyuo vingi vya Marekani hutenga mabweni au ghorofa kwa wanaojifunza lugha fulani, wanaoshughulikia mazingira, au wanawake wanaosoma sayansi.

Kwetu majengo yapo. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizozinduliwa 2017, zina majengo 20 na nafasi za wanafunzi 3,840. Mimi naomba ghorofa moja. Ipewe wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoomba wenyewe: mwaka huu wa uhandisi, mwakani pengine wa fasihi ya Kiswahili. Wawekewe ubao na taa ya uhakika. Mhadhiri kijana afike jioni moja kwa wiki, akae nao, asiite mahudhurio wala asitoe alama. Hapo hakuna mfuko hata mmoja wa saruji unaohitajika.

Ipo hofu ya kugawanyika makundi, nami naiheshimu. Nchi hii ilijengwa kwa kulaza bweni moja mtoto wa Kagera na wa Mtwara, na sitaki kuona hilo likibomolewa. Kwa hiyo kinachowakutanisha kiwe somo. Kabila, dini na mkoa visiulizwe kabisa. Mwaka wa pili warudi kwenye mgao wa kawaida, wakakae na wa sheria na wa kilimo, wabishane mambo mengine.

Washauri wa wanafunzi, na ninyi viongozi wa serikali za wanafunzi, kaeni kabla ya mgao ujao wa vyumba. Ongezeni mstari mmoja kwenye fomu ya maombi: ungependa kuishi na wanaosoma nini? Majibu yakishafika, tengeni ghorofa hiyo moja, muijaribu mwaka mzima.