Moshi wa kiwanda: nani anaupima, na nani anasoma kipimo?



Tulipoandika juu ya maji ya kisima, wamama wa kartye zinazopokea upepo wa viwanda walituuliza neno moja: maji mtu anaweza kuyachemsha, lakini hewa utaichemsha namna gani? Ni ulizo la haki. Leo tunajaribu kulijibu, kwa sababu kiangazi kimefika na kalasi zetu zimejaa kikohozi.

Hapa Lubumbashi moshi si mgeni. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka wa 1911, wakati wa Union Minière. Ile chimini yenye urefu wa zaidi ya mita 150, pamoja na mlima mweusi wa mabaki ulio karibu yake, zimekuwa alama ya mji. Wapiga picha za rangi wanazichora, watoto wetu wa shule wanazichora pia. Kwa babu zetu moshi ukitoka ilikuwa dalili ya mshahara. Nani angesimama kuuliza ndani ya moshi kuna nini?

Udongo ndio uliojibu. Upepo wetu mkubwa unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo miaka mingi moshi ulisukumwa upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea Penga Penga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipokwenda kupima udongo wa upande ule, walikuta shaba na madini mengine kwa wingi, miti imekufa, na mahali pengine nyasi chache tu ndizo zinazovumilia. Hakuna aliyekuwa na daftari la hewa miaka ile yote. Udongo uliandika peke yake, tena umeandika kwa wino usiofutika.

Siku hizi viwanda ni vingi, vikubwa na vidogo, pamoja na kamyo zinazobeba mawe ya madini kwenye njia zisizo na goudron. Kinachotufikia si kitu kimoja. Mawe mengi ya shaba yana salfa; yakichomwa, salfa inageuka gesi kali, ile inayonuka kama kichwa cha kiberiti kinapowaka. Gesi hiyo inabana kifua, inaunguza macho, na majani ya lengalenga yanapata madoa meupe au ya kahawia katikati ya mishipa yake. Kitu cha pili ni vumbi. Vumbi nene unaliona juu ya meza na unalifuta. Lile laini kabisa, ambalo punje yake ni nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi, hulioni, na ndilo linaloshuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Na vumbi la kwetu linaweza kubeba madini ndani yake: shaba, kobalti, risasi, arseniki.

Mtaona pia kwamba asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba ndizo mbaya zaidi. Sababu ipo. Usiku wa baridi hewa ya chini inapoa kuliko ile ya juu, na hewa ya joto inakaa juu kama kifuniko cha chungu. Moshi haupandi, unalala chini pamoja na sisi mpaka jua lipashe ardhi. Ndiyo saa watoto wanayotembea kwenda masomo.

Sasa tuje kwenye kupima. Hapa tunaomba msome polepole, maana ndipo tunapochanganywa mara nyingi. Kuna kupima kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kupima ndani ya chimini: gesi na vumbi kiasi gani vinatoka. Namna ya pili ni kupima mahali watu wanapopumua: kwenye parsele, kwenye kiwanja cha masomo, sokoni. Ni maulizo mawili tofauti. Chimini ndefu inaweza kusaidia nyumba zilizo karibu yake na kuupeleka moshi kwa jirani wa mbali. Tena kuna vumbi lisilopita kabisa kwenye chimini. Linatoka kwenye marundo, kwenye malango na kwenye kamyo. Hivi mkuu wa kiwanda akija mkutanoni na karatasi inayosema chimini yake iko sawa, huenda anasema kweli, na bado mtoto wako akawa anakohoa kwa haki. Mwulizeni: na kwenye parsele mlipima wapi?

Ulizo la pili la kumwuliza ni la saa. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa vipimo vipya mwaka wa 2021. Kwa vumbi laini, wastani wa mwaka mzima usizidi mikrogramu 5 kwa kila meta mchemraba ya hewa, na wastani wa siku moja usizidi 15. Kwa gesi ya salfa, siku moja isizidi 40, na kwa dakika 10 isizidi 500. Kwa nini wakajisumbua na dakika 10? Kwa sababu mtoto wa asma hapumui wastani. Kiwanda kikifungulia moshi usiku mmoja kwa nguvu na kutulia siku sita, hesabu ya mwaka itaonekana nzuri, lakini usiku ule kuna mama alikimbia na mtoto mgongoni kwenda kituo cha afya.

Je, haya yanaingia kweli katika miili yetu? Mwaka wa 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Kobalti waliyoikuta ilizidi yote iliyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida, na wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa nayo zaidi. Mwaka wa 2018 wakaandika juu ya kartye ya Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Pale tofauti ilionekana hasa kwa watoto. Mtoto anacheza chini, anatia mikono mdomoni, na vumbi la nyumbani linakuwa chakula chake cha pili. Kwa hiyo kupiga deki kwa kitambaa chenye maji kuliko kufagia pakavu, kuosha mboga mara mbili, kunawa mikono kabla ya bukari na kutoanika unga pembeni ya njia ya kamyo, hizo si kazi za bure. Lakini tusidanganyane: ufagio wa mama hauwezi kusimamisha chimini.

Kuna jibu mtakalopewa, na mlitayarishe: "Ni moshi wa mbabula zenu." Wamama, jibu hilo lina nusu ya ukweli. Makala na kuni ndani ya nyumba iliyofungwa vinaumiza mapafu ya mama na mtoto, na siku nyingine tutaandika juu ya hilo peke yake. Hata hivyo mbabula hainuki kiberiti, wala haiunguzi mboga za avenyu nzima usiku mmoja. Kutofautisha ndiyo sababu ya kuandika.

Wenzetu wa Durban, Afrika Kusini, walipita njia hiyo. Masomo moja ya msingi, Settlers, ilikuwa katikati ya viwanda viwili vya kusafisha mafuta ya petroli. Raia walilalamika miaka mingi, wakaandika siku za harufu, wakachukua hewa wenyewe ndani ya mifuko iliyofungwa katika ndoo za plastiki na kuipeleka kwenye maabara. Mwaka wa 2002 waganga wa chuo kikuu waliwachunguza watoto wa masomo ile, na zaidi ya nusu walikuwa na dalili za asma. Baadaye vyombo vya kupima vikasimamishwa kwenye kartye, na gesi ya salfa ikapungua. Havikuhama viwanda. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na hesabu mbili, ya kiwanda na ya raia, na ya kwanza haikuweza tena kusema peke yake.

Sisi tuanze na kaye ya franka chache. Kila avenyu mama mmoja, kila siku mistari michache: tarehe, saa, upepo unatoka wapi (tazameni nguo kwenye kamba), harufu ipi, moshi wa rangi gani, mbabula ilikuwa inawaka au hapana, nani amekohoa au kukosa pumzi. Siku isiyo na kitu muiandike pia, maana kaye yenye siku mbaya tu haitaaminiwa. Mwekeni pia sahani nyeupe juu ya paa, itolewe saa ile ile kesho yake na ipigwe picha kwa simu. Sahani haitaji jina la madini, ila inaonyesha siku zipi zimezidi. Sisi walimu tutaandika watoto waliokosa masomo juu ya kifua, na tutalinganisha tarehe.

Hatuendi kuomba zawadi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya 2011 inampa raia haki ya kupata habari za mazingira. Kampuni ya madini lazima iwe na uchunguzi wa madhara yake kwa mazingira na kwa watu, na sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inaitaka iandikiane na raia mapatano ya kazi za maendeleo, cahier des charges. Wengi wanaomba mle bomba la maji au kalasi, na ni vizuri. Tunashauri liongezwe neno moja: chombo cha kupima hewa kwenye kiwanja cha masomo, na hesabu zake zibandikwe kila mwezi ukutani mwa kituo cha afya, kwa Kiswahili.

Kaye kumi na mbili za kwanza ziko tayari kwa mwandishi wa chama. Avenyu ambayo bado haijachagua mama wake ilete jina siku ya mkutano. Anayejua kusoma lakini macho yamechoka, aje na binti yake.