Nani Aliyewavuta Wabunge wa Marekani?

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliotutangulia katika shule hii,

Katika mdahalo wetu wa Jumamosi msemaji mmoja alimsifu sana marehemu John McCain kwa kuwa tarehe 24 Septemba 2008 alisimamisha kampeni yake ya urais, aende Washington kusaidia kuyaokoa mabenki. Makofi yakapigwa. Mimi sikupiga, na sababu ninazo.

Serikali ya Rais Bush ilitaka dola bilioni 700 za kununulia mikopo mibovu ya mabenki. Raia waliichukia habari hiyo. Mtu amepoteza nyumba yake kwa deni, kisha aambiwe kodi yake itamwokoa tajiri aliyemkopesha! Nao wabunge walikabiliwa na uchaguzi wao mwezi wa Novemba. Kuwashawishi watu wenye hofu kama hiyo ni kazi kweli kweli.

Tarehe 25 McCain na Barack Obama waliketi Ikulu pamoja na Bush. McCain alisema machache, na mkutano ukavunjika kwa ugomvi. Tarehe 29 Baraza la Wawakilishi likaukataa mswada, kura 228 kwa 205. Katika chama chake McCain, cha Republican, 133 walikataa na 65 tu walikubali. Hata wale wanne wa Arizona, jimbo lake mwenyewe, walikataa wote. Mtu akiacha jembe shambani kwa kelele ili akaamue shauri, tunamtazamia arudi na jambo.

Obama naye si malaika, maana watu 95 wa chama chake cha Democratic walikataa siku ile. Lakini alishika simu. Wabunge kadhaa weusi, miongoni mwao Elijah Cummings wa Maryland, walibadili kura zao baada ya kuzungumza naye. Tarehe 3 Oktoba mswada ukapita, 263 kwa 171.

Nakiri kwamba soko la hisa la New York, lililoanguka pointi 777 siku ya kukataa, liliwatisha wabunge kuliko simu ya mtu yeyote. Tena Seneti ilikuwa imeutia mswada huo utamu wa kupunguziwa kodi. Huko Seneti wagombea wote wawili walipiga kura ya ndiyo, na kwa hilo nawavulia kofia wote. Lakini Jumamosi tuliulizwa nani aliyewavuta wenzake, na McCain hakuwavuta.

Anayenipinga na aandike katika toleo lijalo.