Uliza Mshahara Kabla Hujavaa Joho!

Wiki hii nimetoa siri niliyomficha hata mama yangu mzazi. Nimeonesha karatasi yangu ya mshahara!

Ilikuwa hivi. Jumamosi baada ya alasiri nimejikalia zangu barazani hapa Kikwajuni, bakuli la urojo mkononi, mara huyo mtoto wa dada yangu kaingia anacheka peke yake. Kamaliza Kidato cha Sita, kafaulu.

"Mama mdogo, nishaamua. Nasoma ustawi wa jamii kama wewe. Mkopo nitaomba. Wewe si ulikopa? Mbona maisha yako poa tu!"

Urojo ukanipalia.

Maisha poa! Mtoto anaona mkoba, anaona viatu, anaona kila asubuhi natoka nimependeza nakwenda ofisini. Hajui kwamba mkoba wenyewe nimekopeshwa na mama mmoja wa mitumba pale Darajani, na nikimwona kwa mbali nakata kichochoro.

Nikaingia ndani, nikamtolea karatasi. "Soma." Akasoma. Mshahara 650,000. Kodi. ZSSF. Kisha ule mstari wa mkopo wa elimu ya juu: 97,500.

"Hii kila mwezi?"

"Kila mwezi, mwanangu."

Kanyamaza. Na wewe msomaji unayejaza fomu wiki hizi, kaa kitako.

Mie nilisoma Dar, Kijitonyama, pale Chuo cha Ustawi wa Jamii. Wenzangu wa wakati ule mnajua: bumu likitoka, Kariakoo inatuona! Viatu, simu, mikoba. Hakuna aliyekaa chini akauliza, jamani, hii kazi tunayoisomea inalipa ngapi? Tulisaini kama tunasaini kadi ya harusi.

Sasa hesabu. Bodi ya Mikopo ya Bara, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, mwanzo ilikuwa inakata asilimia 8 ya mshahara. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, ikawa asilimia 15. Tuseme unadaiwa milioni 10. Ukilipwa 650,000 unakatwa 97,500, na deni linakwisha baada ya miaka minane na nusu. Lakini ukilipwa 347,000, kiwango ambacho kima cha chini cha serikali Zanzibar kilifikia mwaka 2022, unakatwa 52,050. Piga mwenyewe: miaka 16! Deni ni lile lile, shahada ni ile ile. Mshahara ndio unaosema utakuwa huru lini.

Na hivyo ni afadhali. Zamani kulikuwa na asilimia 6 kila mwaka, wakiita ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa milioni 10 ni 600,000 kwa mwaka, yaani 50,000 kwa mwezi. Sasa mchukue mtu wa 300,000, ambacho ndicho kilikuwa kima cha chini cha serikali hapa kwetu kuanzia 2017. Makato yake 45,000. Analipa 45,000, deni linaongezeka 50,000! Anapiga kasia, mashua inarudi nyuma. Tarehe 1 Mei 2021, Sikukuu ya Wafanyakazi, Rais Samia Suluhu Hassan ndipo alipotangaza kuifuta asilimia hiyo. Siku ile mie nililia. Sikuwaambia watu nalia nini.

Maana nilikuwa nimeshaonja. Mradi niliokuwa nafanyia kazi ulikwisha, wafadhili wakaaga, nikakaa nyumbani miezi minane. Ajira nyingi za fani yetu ni hizo za miradi: leo ipo, kesho hamna. Na sisi Waislamu wa huku mnatujua. Maiti hajatoka ndani watu washaulizana, nani anamdai marehemu? Usiku nalala nawaza, mie nikiondoka dada yangu atajibu nini?

Mwanangu akaniuliza, "Kwa hiyo unajuta?"

Hapo ndipo pagumu. Nikamkumbuka bibi mmoja wa mtaa wa pili. Pensheni ya wazee Zanzibar ilianza 2016, kila mwenye miaka 70 na zaidi, 20,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 ikafika 50,000. Bibi huyu umri ulikuwa umepita zamani, ila karatasi zake zinagombana. Nilikwenda kwa sheha mara nne. Siku alipopokea pesa yake ya mwanzo alinishika mkono hataki kuuachia, kisha akanipa maembe mawili. Na tangu Sheria ya Mtoto ya 2011, kesi za watoto zinahitaji mtu aliyesomea, si jirani mwenye huruma tu. Kazi ipo, tena imejaa. Pesa ndiyo haijajaa.

Nikamjibu: "Kazi sijuti. Najuta sikupiga hesabu."

Akasema basi atakwenda hoteli Nungwi, kama rafiki yake aliyenunua simu mwezi wa kwanza. Nikamwambia hiyo nayo ipigie hesabu. Masika yakiingia, Aprili na Mei, hoteli ngapi zinafunga na watu wanarudishwa makwao?

Basi tukakaa hadi magharibi, kalamu na daftari. Maswali matatu, na wewe yakate uyaweke:

Kwanza, nani anakukopesha? Zanzibar tuna bodi yetu kwa sheria ya 2011. Usisikilize masharti ya barazani, yasome yenyewe.

Pili, watafute watu watatu waliomaliza fani hiyo, waulize wanalipwa ngapi na walikaa muda gani bila kazi. Watu wanaficha mshahara kuliko ugonjwa. Wabembeleze.

Tatu, unaweza kulala nyumbani? SUZA nayo inafundisha ustawi wa jamii. Mie nilivuka bahari kufuata joho ambalo lingenikuta hapa hapa, na kila mwezi niliolala Dar niliulalia kwa deni.

Mwanangu ameamua: ustawi wa jamii, lakini SUZA, na atalala kwa mama yake. Fomu tumejaza pamoja jana. Bumu likitoka, kasema, ananiletea mie nimshikie. Kidogo nicheke. Nilimwambia ampe mama yake. Mie yule mama wa mitumba bado ananitafuta!

Haya, tuonane wiki ijayo inshaallah.