Sili ya Giaboksi Ibadilishwe Mapema
Magari ya zamani bado yanabeba abiria, ndizi na kahawa kati ya Chonyonyo na Kayanga, wilayani Karagwe. Gari likiacha doa la oili kila linapoegeshwa, madereva wengine huongeza oili kidogo na kuendelea na safari.

Mazoea hayo yaachwe.

Sili ya nyuma ya giaboksi ni duara la mpira lenye springi nyembamba inayobana mdomo wake kwenye shafti. Joto na umri huukausha mpira, vumbi huukwangua, oili ikapenya. Oili ikipungua mno, gia na beringi husagana zikiwa kavu, na spea ya bei ndogo huzaa gharama ya giaboksi nzima.

Fundi makini akishafungua propela huitikisa shafti kuona kama bushi imelegea, huzibua tundu la kupumulia, hupaka oili mdomo wa sili mpya, kisha huigonga polepole iingie sawasawa. Bushi ikiwa imekwisha, mwenye gari akubali nayo ibadilishwe. La sivyo sili mpya itavuja tena.

Oili chafu ikusanywe kwenye dumu, isimwagwe migombani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza uchafuzi, na kila gereji inapaswa kuitii.