Mtumba Uliopita Unyanyembe

Nottingham, Uingereza
24 Novemba 2024

Kwenu nyote wa Ng'ambo, Gongoni na Isevya,

  Huku baridi imeanza kung'ata masikio.

Naandika barua badala ya kutuma ujumbe wa sauti kwa sababu ujumbe wa sauti mnausikiliza nusu huku mnachambua mchele, halafu mnanijibu jambo ambalo sikuuliza. Na hili la safari hii linahitaji kusikilizwa mpaka mwisho. Kaka Mkubwa aliniandikia kwenye kundi la ukoo, mbele ya watu wote: "Kila wiki picha mpya. Bembea, fataki, tausi. Harusi ya mwanetu hukuja." Hakuna aliyenitetea. Hata Shangazi, ambaye huwa hawezi kunyamaza, siku hiyo alinyamaza.

Nianze na hiyo harusi basi, maana kosa ni langu. Kazini kwangu likizo huombwa miezi mitatu kabla. Ninyi tarehe mliitaja zikiwa zimebaki wiki tatu, kama tulivyozoea kwetu, na hapo nisingeweza kitu. Siku ya nikaha nilikuwa ndani ya basi natoka zamu ya usiku, simu nimeiegemeza kwenye kiti cha mbele. Nikamwona shehe. Nikamwona Kaka Mkubwa na kanzu yake mpya, mkono wake umeshika mkono wa bwana harusi, midomo inaanza kutamka. Picha ikaganda hapo hapo. Ilipofunguka, watu walikuwa wanakula pilau na matarumbeta yanalia nje. Mama mmoja wa Kijamaika aliyekaa kando yangu akaniuliza mbona nafuta macho. Nikamwambia nimeozesha binti. Akapekua mkoba wake, akanipa pipi ya tangawizi. Hiyo ndiyo karamu niliyokula mimi, na karatasi yake ninayo bado.

Sasa hizo picha.

Kamusi huyaita majira haya ya huku vuli. Kwa mtu wa Tabora neno hilo halina kazi, kwani vuli wanayo wa pwani na kaskazini. Sisi mvua yetu ni moja, ikianza Novemba inakwenda mpaka Aprili. Huku vuli ni miezi ambayo mwanga unapungua kila siku, na watu hukimbizana nao. Mnajua miyombo yetu mwezi wa tisa na wa kumi, jua limekaza, hakuna hata tone, lakini inachipua majani mekundu kama shaba. Miti ya huku nayo huwa myekundu mwezi huo huo, ila yenyewe inaaga. Wiki mbili tatu baadaye iko uchi na saa kumi na nusu jioni ni giza. Kwa hiyo kila mzazi anataka kuwatoa watoto kabla kiza hakijawafungia ndani. Mke wangu anafanya kazi mchana, mimi usiku. Tumebandika ratiba kwenye friji, na mahali tunapokutana wote wanne binti yangu amepaka rangi ya njano. Oktoba nzima hadi mwanzo wa Novemba kulikuwa na vidoa vitano vya njano. Mnaona picha tano mkadhani ndiyo maisha yetu, kumbe ndizo siku zenyewe zote tulizokuwa nazo.

Bembea ile ilikuwa Goose Fair, gulio la mabata bukini, ambalo hapa Nottingham lina zaidi ya miaka 700. Siku hizi hakuna bata hata mmoja, ni mashine za kukuzungusha mpaka ukasahau jina lako, na njegere za kupondwa zenye mchuzi wa mnanaa. (Chakula hicho ni cha kuzoea. Mimi sijazoea.) Kilichonifurahisha ni habari za zamani. Husimuliwa kwamba mabata walitembezwa kwa miguu kutoka mikoa ya mashariki, njia ndefu, na ili miguu isichubuke walikanyagishwa lami kisha mchanga, wakawa wamevaa viatu. Nikacheka peke yangu. Msafara kamili, na wapagazi wanajibeba wenyewe kwenda kuliwa.

Mwisho wa Oktoba tulipanda treni kwenda Leicester kwenye taa za Diwali, barabara ya Belgrave. Katika duka moja nikamsalimia mzee wa Kihindi kwa Kiingereza, akanijibu, "Wewe mtu wa wapi, mwanangu?" Kiswahili safi, cha Nzega. Aliniuliza bei ya karanga. Nikamtajia niliyoikumbuka, akasikitika kama mtu ambaye bado ana gunia ghalani. Fataki zenyewe zilikuwa tarehe 5 Novemba, na hazina habari: mlio, moshi, mtoto wa kiume akaziba masikio, tukarudi.

Tarehe 7 nilikuwa kazini. Mapumziko nikafungua simu, nikakuta ujumbe wa sauti 31. Moyo ukanishuka, nikajua ni msiba. Kumbe Nyuki wa Tabora wameichapa Yanga 3-1 kule Chamazi! Mjomba, wewe ujumbe wako ulikuwa wa dakika nne na hakuna neno ndani yake, ni kelele tu. Nimeuhifadhi.

Lakini picha iliyowachoma zaidi, naona, ni ile ya tausi, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Huku Oktoba shule huadhimisha historia ya watu weusi. Mwalimu alimwambia kila mtoto achague mtu mmoja amzungumzie darasani. Binti yangu akaja nyumbani amekwisha kuchagua: "Yule mzungu wa Kwihara." Nikamwambia mwanangu, huyo si mweusi. Akasema, "Lakini wewe ukisimulia Tabora unamtaja yeye tu." Nilikosa jibu. Ni kweli. Nimewasimulia wanangu mara ngapi kwamba mwaka 1872 Livingstone alikaa kwenye tembe la Kwihara, kwamba Stanley alimwacha pale mwezi Machi na yeye akangoja wapagazi kutoka Unguja hadi Agosti. Nimewasimulia ukuta, mlango, uwanja. Wapagazi waliokuja sikuwahi kuwataja jina hata mmoja. Na mimi ni mjukuu wa mpagazi.

Kwa hiyo siku iliyofuata ya njano niliwapeleka Newstead Abbey, kaskazini kidogo ya mji huu. Ni jumba kubwa lililokuwa la mshairi Byron. Baadaye likanunuliwa na bwana Webb, rafiki yake Livingstone, na Livingstone mwenyewe alikaa humo 1864 na 1865 akiandika kitabu. Basi lilitushusha langoni tukatembea njia ndefu chini ya miti, majani yanatuangukia. Tukakaa kwenye benchi kando ya ziwa tukatafuna matobolwa, viazi vikavu vya kwetu, aliyotuma Shangazi. Tausi akaja kuomba. Mwanangu wa kiume akamtupia kipande. Yule ndege akakimeza, kikakwama, akanyoosha shingo mara tatu na kututazama kama tuliomdhulumu. Hapo ndipo nilipopiga picha.

Sikuwapeleka kumwona Byron. Mwaka 1874 walifika jumba hilo watu wawili, Abdullah Susi na James Chuma, na ipo picha yao iliyopigwa hapo hapo, wamekaa pamoja na watoto wa Livingstone. Kwa nini walifika, nisikilizeni, maana sehemu ya jambo hili ilitokea kwenu.

Livingstone alikufa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, Susi na Chuma wakiwa miongoni mwao, walikuwa kama 60. Wangeweza kumzika wakaenda zao, nani angewauliza? Walizika moyo chini ya mti, mwili wakautia chumvi na kuuanika juani siku 14. Kisha wakauviringa kwa nguo na kuutia ndani ya gome la mti lililochunwa zima. Nilipomweleza binti yangu nilimwambia ni kama mzinga wa nyuki wa kwetu, ule wa gome la mwombo, akaelewa mara moja. Wakauning'iniza kwenye mpiko, watu wawili mabegani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo.

Oktoba wakaingia Unyanyembe, huko kwenu Tabora. Ndiyo, Oktoba, wakati miyombo inachipua. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wamzike hapo hapo, yaishe. Walikataa. Fikirieni hilo: afisa wa Malkia anawaambia mmefanya ya kutosha, nao wanasema hapana, twende mpaka pwani.

Mbele kidogo ya Unyanyembe wenyeji wakazuia njia, hawataki maiti ipite kwao. Wakafanya hila. Walifunga bunda la uongo, wakaliviringa kama maiti, na baadhi yao wakageuka nalo jua likikaribia kutua, kama wanaorudi Unyanyembe kuzika. Maiti yenyewe wakaifunga upya ikafanana na mtumba wa nguo za biashara, ukabebwa kati ya mitumba mingine. Neno hilo hilo, mtumba, mzigo wa mpagazi. Sisi siku hizi tukilisema tunaona mashati yaliyopangwa sokoni. Makoti ya baridi ya wanangu nimeyanunua huku kwenye duka la nguo kuukuu, yaani nimeyawahi kabla hayajasafiri kuja kwenu.

Kwenye msafara ule alikuwepo Halima, mpishi wa Livingstone. Alikuwepo pia mtoto wa kike aliyeitwa Losi. Aliumwa na nyoka njiani, akafa. Alikuwa na umri wa miaka kumi. Binti yangu naye ana kumi. Aliniuliza walimfanyia gome Losi? Nikasema hapana, alizikwa njiani. Akanyamaza mpaka tulipofika kituoni, kisha akasema atamzungumzia yeye.

Alimzungumzia. Dakika tatu, mbele ya darasa. Sikuwepo, nilikuwa nimelala baada ya zamu.

Mmoja wao nataka Mjomba wa Urambo amsikie zaidi. Aliitwa Jacob Wainwright. Alikuwa ametolewa utumwani akiwa mdogo na kusomeshwa Nasik, India, kisha akaja Kwihara na wale wapagazi wa Agosti 1872. Yeye ndiye aliyejua kuandika: alichonga jina na tarehe kwenye mti wa Chitambo, na akaandika shajara. Ni yeye peke yake aliyeletwa Uingereza pamoja na mwili. Susi na Chuma waliletwa baadaye, maziko yamekwisha. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza ndani ya Westminster Abbey, Mwafrika pekee kati yao. Mkisikia habari hiyo mtadhani alibaki huku akala pensheni. Alirudi. Akafanya kazi na wamisionari huku na kule, na mwaka 1892 akafia Urambo. Kwako, Mjomba. Umekaa hapo tangu uoe, na ninajua hujawahi kulisikia jina lake, kwa sababu mimi nimelisikia nikiwa na miaka 41, maelfu ya kilomita kutoka kwenu.

Hapa sasa na mimi nina shutuma. Kaka Mkubwa, kutoka nyumbani kwako hadi Kwihara ni mwendo wa asubuhi moja. Umekwenda mara ngapi? Mimi mara moja, na shule, nikiwa darasa la tano, nikakumbuka tu kwamba tulipewa maandazi. Mgeni akishuka uwanja wa ndege siku ya pili yuko Kwihara na kamera. Sisi tunangoja mgeni ndipo tukumbuke kuna tembe. Na ile miembe ya njia ya misafara, tunajua ni upi una embe tamu na upi una mchwa, lakini waliopumzika chini yake hatuwataji.

Basi, inshallah, tunakuja Desemba tarehe 19. Likizo niliomba Septemba, safari hii sikungoja mtu. Dar hadi Dodoma tutapanda treni ya umeme, watoto wamekwisha kuiona kwenye simu na hawataki kusikia habari za basi. Kutoka Dodoma watalipanda wapende wasipende. Msichinje mbuzi siku ya kwanza, tutakuwa tumechoka. Embe tu, na asali mpya kama ipo. Bi harusi na mumewe nitawatembelea kwao, nitakwenda na zawadi yao mkononi na kuomba radhi kwa mdomo wangu.

Jumapili ya kwanza, mvua ikituachia, twendeni Kwihara wote. Kaka Mkubwa, usikodi Noah. Tutoke alfajiri kwa miguu, wazee na Mama Mkubwa wapande bajaji. Na Mama Mkubwa, kwa heshima zote: huku saa zimerudishwa nyuma, mko mbele yetu kwa saa tatu. Ukinipigia ukitoka kuswali alfajiri, kwangu ni saa nane na nusu ya usiku. Nitapokea, lakini ujue.

Jambo la mwisho ni la Shangazi. Binti yangu amesema siku ya Kwihara atabeba mzigo wake kichwani, hataki begi la mgongoni. Anajizoeza kila jioni na bunda la makoti, kutoka sebuleni hadi kwenye friji. Mpaka jana lilikuwa linaanguka mlangoni. Tafadhali msokotee ngata ya ukubwa wake.



Ndugu yenu wa Nottingham