Mmeshatuuliza Vya Kutosha, Sasa Tuulize Sisi

Niliacha kazi ya ukalimani kwa sababu ya namba moja. Msomaji ajue tangu mwanzo kwamba naandika nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Ilikuwa hapa hapa Kabeza, kwenye chumba cha nyuma ya butiki. Ndege zilikuwa zinashuka Kanombe, kila ikipita moja tunanyamaza, halafu tunaendelea. Mtafiti alikuwa na tableti yake, mimi nina Kiswahili, Kirundi na Kifaransa changu cha Bujumbura, na mbele yetu amekaa mama mmoja wa Uvira. Swali la nne au la tano hivi: ana watoto wangapi? Mama akajibu bila kufikiri, "Niko na batoto batano." Nikatafsiri. Mtafiti akarudi ukurasa wa kwanza, pale wanapoandika watu wanaoishi nyumbani, akakuta watoto wawili. Akaniambia nimuulize tena. Nikamuuliza, na safari hii nikaongeza maneno yangu: "Mama, yaani walio hai, wanaokula kwako."

Akanitazama kimya. Halafu akasema, "Batano, mwanangu. Andika batano."

Habari yake naijua, mtaa mzima unaijua. Wawili tunawaona kila siku wakienda shule. Mmoja walipotezana njiani na hajulikani alipo. Wawili wamezikwa. Nikamgeukia mtafiti nikamwambia kwa Kifaransa: wawili. Akabonyeza 2, akanishukuru, tukaendelea na swali la choo.

Baadaye ndipo nilipokaa nikafikiri kwamba mama yule anajua kuhesabu kutuzidi sote pale ndani. Mwenye nyumba alipomuuliza kabla ya kumpa funguo, alisema wawili. Shuleni anasema wawili. Kanisani, wakiombea familia, anasema watano. Kwa hiyo hajachanganyikiwa hata kidogo. Ana hesabu mbili, na anajua ipi ni ya nani. Yule mtafiti alipewa hesabu ya kanisani. Aliheshimiwa bila yeye kujua, na mimi niliyelipwa ili ajue, nikamficha.

Hilo ndilo swali la sayansi ya jamii, bana, kama kweli mnatafuta maswali. Mtu ana hesabu ngapi za familia yake, na anachaguaje ya kumpa nani? Swali kama hilo lingeweza kumweka mtu Kabeza miezi sita. Lakini tableti ilikuwa na kisanduku kimoja tu, na dakika arobaini na tano zilikuwa zinakwisha.

Tangu 2015, mwaka ambao sisi Warundi tulimiminika Kigali, nimehesabu maswali tunayoulizwa na kwa kweli ni matatu tu yaliyovalishwa nguo tofauti: ulipatwa na nini, unakosa nini, utarudi lini? Wakongomani walikuwa wanaulizwa hayo hayo kabla yetu. Kambi ya Kiziba ipo tangu 1996, kuna watu wamezaliwa pale, wameulizwa, wameoa, na watoto wao sasa wanaulizwa. Sisemi maswali hayo ni mabaya. Nasema yamekwisha. Ukimuuliza mtu jambo lile lile mara saba, mara ya nane hakujibu, anakusomea.

Na sisi nasi si malaika. Mwezi wa tatu 2021 WFP ilipunguza msaada wa chakula kambini kwa asilimia 60 kwa kukosa fedha, na miezi michache baadaye ikaanza kugawa kwa kutazama nani ana shida kuliko nani. Sisi wa mjini hatupewi chakula, lakini tuna ndugu Mahama na simu tunazo. Habari ilifika haraka: jibu lina bei. Nimeshakaa kwenye mikutano ambapo kijana mwenye kinyozi chake na wateja wa kutosha alijieleza kama mtu asiye na kitu, kwa sauti ya chini, macho sakafuni, halafu tulipotoka nje akanikopesha nauli ya moto. Simlaumu. Aliyetengeneza swali alimwachia mlango mmoja tu wa kupitia, akapita humo. Ila msije mkaniambia kwamba kilichoandikwa siku ile ni maisha ya Kabeza.

Mtaniambia utafiti ndivyo ulivyo. Si kweli. Mwaka 1985 na 1986 mwanaanthropolojia mmoja, Liisa Malkki, alikaa Tanzania na Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengine walikuwa kwenye makazi ya Mishamo, wengine wanaishi mjini Kigoma. Kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka 1995. Kule Mishamo alikuta watu wameishikilia historia yao kwa nguvu, wanaisimulia karibu kwa maneno yale yale, na ukimbizi kwao una heshima yake. Kigoma mjini alikuta watu waliotoka nchi ile ile wamejichanganya, wameoleana na wenyeji, leo wanajiita hivi na kesho vile, wengi hawataki hata kuitwa wakimbizi. Swali lililozaliwa hapo bado lina moto: je, ni kukimbia kunakomfanya mtu mkimbizi, au ni mahali alipowekwa baada ya kukimbia? Lisingepatikana kwa dakika arobaini na tano. Huyu aliwaacha watu waanze wao kuzungumza.

Na sisi Kabeza ni Kigoma, si Mishamo. Ndiyo maana karatasi zilizotungwa kwa ajili ya kambi zinatupita juu ya kichwa kama zile ndege.

Kuna mfano mwingine, wa karibu zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa ripoti kuhusu uchumi wa wakimbizi Uganda. Waliwafundisha wakimbizi wenyewe kwenda kuuliza, na badala ya kuuliza tu unakosa nini, waliuliza pia umemwajiri nani. Kampala walikuta asilimia 21 ya wakimbizi wana biashara inayoajiri angalau mtu mmoja mwingine, na asilimia 40 ya walioajiriwa ni Waganda. Watu hao hawakuanza biashara siku ile ripoti ilipotoka. Walikuwapo, wanafungua duka asubuhi na kufunga jioni, ila hakuna aliyekuwa amewauliza.

Sasa maswali yetu. Tunayo mengi, tunayauliza tukisubiri maji yajae kwenye jerikani, tukisuka nywele, tukirudi umuganda. Nayaweka hapa bila mpangilio, atakaye achukue.

Kwa nini Mrundi akifika Kigali anajifunza kusema "Muraho" ndani ya wiki moja ili asitambulike, lakini miaka kumi baadaye simu ikilia usiku bado anaitika "Amahoro"? Saa ngapi ulimi unaacha kujificha?

Kwa nini kwenye kikundi chetu cha WhatsApp harusi ikitangazwa michango inamiminika, elfu tano, elfu kumi, mpaka ya gauni la msimamizi, lakini mwenzetu akitolewa vyombo nje kwa kukosa kodi tunatuma mikono ya kuomba dua? Mimi pia nilituma. Nimejaribu kujieleza na sipati jibu linaloniridhisha. Wengine wanasema harusi hurudishwa, kesho na wewe utachangiwa. Sawa, lakini kufukuzwa nyumba nako si kutatufikia sote?

Kwa nini dada mmoja jirani yangu anampa hela yake yote ya ikimina mwanamke aliyemjua miezi mitatu, jina lake la pili halijui, lakini kaka yake wa tumbo moja hamkopeshi hata mia? Na ikimina haijawahi kuliwa! Uaminifu wa namna hiyo unatoka wapi, kwa watu ambao tuliuzwa na majirani tuliokula nao sahani moja?

Kwa nini tunamwogopa zaidi mtu wa kwetu kuliko mgeni? Marc Sommers aliwafuata vijana wa Kirundi waliokuwa wanashona nguo Dar es Salaam huku wamejificha, akaandika Fear in Bongoland mwaka 2001, na hofu aliyoiona kule nimeiona kwenye daladala ya Kabeza: mtu anasikia lafudhi ya kwao, badala ya kufurahi anageuza uso dirishani. Dar na Kigali ni mbali. Hofu ni ile ile.

Na la mwisho ni juu yenu. Barbara Harrell-Bond, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu Waganda waliokimbilia Sudan ya Kusini, aliwatazama watoa msaada wenyewe kama watu wa kuchunguzwa, wenye mila zao na imani zao, na wengi walimkasirikia. Basi sisi tunauliza: kwa nini mtafiti anamwambia mama "ukitaka kuacha wakati wowote ni sawa", lakini mama akinyamaza anaangalia saa? Kwa nini anaomba ruhusa ya kupiga picha na haombi ruhusa ya kuondoka moja kwa moja? Kwa miaka yangu mitatu ya ukalimani, sikuona hata mmoja aliyerudi Kabeza na alichokiandika, hata kurasa mbili kwa Kiswahili, akakaa kwenye benchi akatusomea tumbishie.

Yule mama wa Uvira bado tunakutana sokoni. Juzi aliniuliza, "Ile karatasi yenu ilisema nini?" Nikamwambia sijui. Sikumwambia kuhusu ile 2. Nimeiandika hapa kwanza, kwa uoga, na gazeti hili likitoka nitampelekea nakala na kumsomea mimi mwenyewe.

Alhamisi anakuja mtafiti mwingine. Ameniandikia kwa heshima, anahitaji watu kumi na wawili, nauli anarudisha. Nimemjibu kwamba watu nitamtafutia, ila ukurasa wa kwanza wa maswali tutauandika sisi, na ya kwake ataanza kuyauliza akishajibu ya kwetu. Nimemtumia haya ya juu. Ameshasoma, alama mbili za bluu zinaonekana. Bado hajajibu.